Sababu Yangu ya Kuacha Kazi

Mtu wa kwanza kuniuliza kwa nini niliacha kazi alikuwa anakula karanga. Ilikuwa mtaa wa Kwa Mathias, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kwenye chumba chenye feni isiyozunguka. Yeye alikuwa anatafuta mtunza stoo, na mimi nilikuwa mtunza stoo asiye na stoo. Nilidhani tungeelewana haraka.

"Kule kwa mwanzo uliachaje?" aliuliza huku akipuliza maganda kiganjani.

"Mkataba uliisha, bosi."

Akaivuta sivii yangu, akaisoma bila haraka, kisha akanionyesha mstari mmoja kwa kidole chenye chumvi. Mstari huo nilikuwa nimeuandika mwenyewe, kwa majivuno yangu mwenyewe: ajira ya kudumu.

"Ya kudumu inaishaje?"

Nilikuwa nimekaa siku nne nikiliandaa jibu, na sikukaa hata dakika mbili kuisoma upya sivii. Tulitazamana. Akacheka, si kwa ubaya, akanimiminia karanga kidogo za njiani. Nilizipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Mtu aliyekosa kazi hujikuta anashukuru vitu vya ajabu.

Inabidi nijieleze kidogo, maana ukinisoma hivi utadhani ni mtu wa mihangaiko. Sivyo. Mimi ni mtu wa nyumbani. Wapo watu wanaotoka nyumbani kwa furaha. Mimi hutoka nikiwa na sababu, na sababu ikiisha narudi. Nina kidato cha nne na cheti chenye alama ambazo huzifunika kwa dole gumba ninapokitoa kwenye bahasha. Tunaishi Tangini, Kibaha, nyumba ya kupanga yenye ua wa kutosha kuanika nguo na kugombana na kuku wa jirani: mimi, mke wangu ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, na mama yangu. Tangu niachishwe kazi, mke wangu ndiye anayetoka asubuhi, na mimi ndiye ninayebaki na sufuria. Majirani wakipita huniita mama mwenye nyumba. "Mama mwenye nyumba, leo umeunga nini?" Nami huwajibu, kwa sababu mchicha wenyewe huwa nimeuunga vizuri.

Niseme ukweli, maisha yale niliyapenda. Kilichoniudhi ni miguu ya mke wangu. Alikuwa anarudi jioni, anavua viatu mlangoni, na alama za kamba za viatu zinabaki zimechimbika kwenye nyama mpaka wakati wa kulala. Hakuwahi kusema chochote. Alikuwa akiiweka ile miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa na kusahihisha madaftari, na mimi nikiiona hivyo, mchicha wote ulinikaa kooni. Ilibidi nipate kazi. Na kazi zote zilikuwa na mlango mmoja, na mlangoni kila mara alisimama mtu yuleyule na swali lilelile.

Usaili wa pili ulikuwa kwenye sekondari moja ya bweni, nje kidogo ya mji. Jopo la watu watatu: mwalimu mmoja, mhasibu mmoja, na mama mtu mzima wa bodi ya shule aliyevaa kitenge kilichopigwa pasi mpaka kikawa kama karatasi. Safari hii nilikuwa nimeisafisha sivii. Walipouliza, nikasema niliacha kazi ili nimuuguze mama.

Yule mama wa bodi akavua miwani. "Pole sana, mwanangu. Anasumbuliwa na nini?"

"Presha," nikasema. Kwa kuwa presha peke yake ilionekana ndogo, nikaongeza: "Na miguu."

Miguu ilikuwa ya mke wangu. Nadhani ndiyo maana ilitoka kwa uchungu wa kweli.

"Tumwombee," akasema.

Wakainamisha vichwa wote. Aliomba kwa kirefu, akamtaja mama yangu kwa upole ambao mimi mwenyewe sijawahi kumtaja nao, akaomba hata mishipa ya damu ilegee. Katikati ya maombi nilifungua jicho moja, nikakutana na jicho moja la mhasibu. Tulitazamana hivyo, jicho kwa jicho, mpaka amina.

Siku mbili baadaye mama yangu alikuwa uani anachambua mchele. Simu yake ikaita. Kwenye sivii namba ya pili ni ya kwake. Hilo nalo sikulifikiria.

"Haloo! Ndiyo, mama yake. Mimi? Mzima kabisa, mwanangu, tena jana nimepalilia bustani peke yangu. Nani amekwambia?"

Akaja jikoni na simu mkononi. "Watu wa shule wanauliza kama nimepata nafuu. Nilikuwa naumwa?"

"Kidogo," nikamwambia.

"Ugonjwa gani?"

Nikamtajia.

Akanitazama mpaka nikaanza kuosha chombo ambacho kilikuwa kisafi. "Umeniuguza bila kuniambia," akasema. "Na siku ukinizika, je, utaniambia?" Akarudi kwenye ungo wake. Siku tatu alinijibu salamu kwa kichwa tu, na siku ya nne akaanza kunitania mbele ya majirani kwamba mwanawe ni daktari wa ajabu, anatibu watu wasioumwa. Nilicheka nao. Ilikuwa afadhali kuliko kile kichwa.

Kwa hiyo usaili wa tatu niliamua kusema ukweli. Ilikuwa kwenye ghala la vyakula vya mifugo, upande wa pili wa barabara kuu. Nikawaambia niliachishwa kazi kwa sababu nilimsainia mwenzangu kwenye daftari la mahudhurio.

Hapa lazima nieleze. Kazi yangu ya zamani ilikuwa kwenye kiwanda kidogo cha kutotolesha vifaranga. Nilikuwa karani wa stoo, na daftari la mahudhurio lilikaa mezani kwangu. Kampuni ilikuwa inatambua misiba ya aina tatu tu: mzazi, mwenza na mtoto. Mama mdogo, babu, shemeji, jirani aliyekulisha utoto wako wote, hao kwenye karatasi za kampuni walikuwa watu baki. Na sisi ni watu wa misiba. Usipoonekana makaburini leo, kesho ukifiwa utakaa kwenye jamvi na mke wako na paka. Basi tulikuwa tunasaidiana. Mtu anatuma ujumbe wa neno moja, "niwekee", anaenda kuzika, na mimi naiweka sahihi yake asubuhi na jioni. Nilikuwa nazijua sahihi za karibu wote. Ya dereva ilikuwa kama buibui aliyekanyagwa. Ya fundi wa mashine ilikuwa na mkia uliotoka nje ya mstari. Nilikuwa na mkono mzuri na nilijisifia. Hakuna aliyeona kuwa ni wizi. Aliyekataa kumwekea mwenzake ndiye aliyesemwa.

Lile jopo la ghala lilicheka. Walicheka kama watu waliowahi kuwekewa.

"Hilo tu?" mmoja akauliza.

"Hilo tu."

"Wakakufukuza kwa hilo? Hao nao!"

Mwenyekiti wao, bwana mmoja mwenye suti ya kijivu, hakucheka sana. Akauliza huku akiandika: "Na hakuna madhara yoyote yaliyotokea?"

"Hakuna," nikasema.

"Njoo Jumatatu uanze."

Sasa niyaseme yale madhara.

Kwenye chumba cha kuchagua vifaranga kulikuwa na dada mmoja. Alfajiri ya siku ile alinitumia ujumbe kwamba mama yake mdogo, aliyemlea tangu anyonye, amefariki na anazikwa mchana, na mwishoni akaandika lile neno moja. Nikamwekea. Saa nne umeme ukakatika, jenereta ikawashwa, na muda si mrefu nyaya za kwenye chumba cha makreti zikashika moto. Makreti ya plastiki hayaungui kama kuni. Yanatoa moshi mweusi, mzito, unaotambaa chini kabla ya kupanda, na ukiuvuta mara moja unahisi kama umemeza kitambaa.

Tulikimbilia nje, karibu na geti. Mimi nilitoka na daftari. Sijui kwa nini, mkono wangu ulilichukua wenyewe, na nakumbuka meneja alinisifia kwa hilo. "Vizuri, karani. Soma majina."

Nikasoma. Kila mtu akaitika. Nikafika kwenye jina la yule dada, na nikalisoma.

Hapo ndipo pasipoelezeka. Ningeweza kuliruka. Ningeweza kusema hayupo. Nililisoma kwa sauti ileile niliyosomea mengine, na hakuna aliyeitika. Nusu ya watu pale walijua amekwenda kuzika. Niliwaona wakitazama viatu vyao. Meneja alikuwa amesimama bega kwa bega nami, mikono kiunoni. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Nilijiambia nitamvuta pembeni nimweleze kwa utaratibu. Pembeni palikuwa hatua tano.

Kulikuwa na mzee aliyekuwa akiosha makreti kule nyuma. Yule dada alikuwa na kawaida ya kumpelekea chai saa tatu, akimwita baba. Siku hiyo chai haikufika, naye akadhani binti kazidiwa na kazi. Aliposikia jina halina mwitikio, hakuuliza mtu. Alivua shati, akalichovya kwenye ndoo, akajifunga puani, akaingia. Ndipo sauti yangu ikatoka. "Hayupo! Mzee, hayupo!" Nilipiga kelele mpaka koo likauma. Alikuwa ameshaingia.

Walimtoa watu wawili. Mkono wake wa kushoto plastiki ilikuwa imeyeyukia na kugandamana na ngozi. Mapafu hatukuyaona, lakini tuliyasikia.

Kwenye kikao cha nidhamu waliniuliza kuhusu sahihi tu. Barua yangu inasema kughushi mahudhurio. Kuhusu kunyamaza kwangu haisemi neno, kwa sababu meneja hakuuliza kwa nini nilichelewa kusema, na waliojua walikuwa wamenyamaza pamoja nami, basi wakaendelea. Yule dada naye aliachishwa. Alirudi kutoka makaburini akakuta ana misiba miwili.

Jumatatu nilifika kwenye lile ghala mapema, shati jeupe, mke wangu amenipigia pasi mwenyewe. Mlinzi akaniambia nisubiri. Alikuja bwana wa suti ya kijivu, bila suti.

"Wewe ulisema hakuna madhara."

Nikanyamaza. Kazi ambayo naiweza.

"Mke wangu ni muuguzi. Jana namsimulia habari zako, tunacheka, akaniuliza ni kiwanda gani. Nikamtajia. Akaacha kula." Alikuwa anaongea polepole, haoneshi hasira. "Yule mzee, yeye ndiye aliyemhudumia. Nenda nyumbani, bwana."

Mimi, ambaye maisha yangu yote nimekuwa nikisubiri mtu aniambie nenda nyumbani, siku hiyo sikujua njia. Nilizunguka Kwa Mathias mpaka jua likawa la utosi, nikitazama viatu vya mitumba ambavyo sikuvihitaji.

Jioni mke wangu aliweka miguu juu ya ndoo, rundo la madaftari pajani, kalamu nyekundu mkononi. Nilimweleza habari ya getini.

"Haya kaa," akasema. "Mimi ndiye jopo. Kwa nini uliacha kazi?"

"Usinichezee, mwalimu."

"Jopo halichezi. Kwa nini uliacha kazi?"

Nikaanza. Daftari, ujumbe, sahihi, kikao, barua. Alikuwa anasahihisha hesabu za watoto huku akinisikiliza, na nilipomaliza akaweka mkato mwekundu kwenye daftari la mtu.

"Umeruka," akasema.

"Wapi?"

"Umetoka kwenye sahihi ukaenda kwenye kikao. Katikati kuna mzee kaungua. Ulipofika kwenye jina la yule dada ulifanyaje?"

Sikuwa nimewahi kumwambia. Mwaka na miezi. Niliinuka kwenda kukoroga ugali, na ugali ulikuwa bado haujainjikwa. Nikasimama mbele ya jiko baridi na mwiko, na nikamwambia kwa mgongo.

Kalamu ilifunikwa. Nilisikia kile kilio kidogo cha kifuniko.

"Na pole hujawahi kwenda kumpa," akasema.

Hilo ndilo lililokuwa linaniuma kuliko moto wenyewe. Kwetu mtu akivunjika hata kidole unakwenda. Unakaa, unasema pole, unatazama chini, unaondoka. Mimi wiki ya kwanza niliogopa ndugu zake. Mwezi wa kwanza nikaona nimechelewa. Baada ya hapo kila siku niliyoikosa ilinifungia iliyofuata.

"Nitaenda na uso gani?"

"Huohuo. Kwani unao mwingine?"

Wiki mbili baadaye nikaitwa usaili wa nne, kwenye ghala moja la pembejeo Kisarawe. Alhamisi. Mke wangu alipoisikia Kisarawe aliifunika kalamu. Aliniwekea tu begi dogo la kuondoka nalo siku moja kabla ya tarehe. Yule mzee alikuwa amerudi kwao, Msimbu, hukohuko Kisarawe.

Nilifika Msimbu Jumatano mchana na mfuko wa machungwa. Nyumba nilionyeshwa bila shida. Alikuwa amekaa barazani kwenye kiti cha kamba, amekonda, kanzu imemlegea mabegani. Binti yake alikuwa anamenya mihogo pembeni, na aliponisikia nikijitambulisha, kisu kilisimama.

"Hodi. Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alinitazama. Akavuta pumzi, na pumzi ile ilipita mahali pembamba ikapiga mluzi. "Karani. Nilidhani umekufa."

"Nipo, mzee."

"Mie nimeshakusamehe. Kama marehemu." Akapumzika. "Sasa umeniharibia."

Nilitaka kucheka nikaona binti hacheki. Nikakaa kwenye mkeka. Nikatoa pole, na pole ilitoka ndogo, kama mtu anayempa pole aliyejikwaa. Nikampa machungwa.

"Hayo yananikohoza," akasema. "Mpe binti."

Binti aliyapokea bila kunitazama, akayaweka chini upande wa pili wa mihogo, mbali na baba yake.

"Mzee," nikasema, "siku ile nilijua hayupo."

"Najua ulijua."

Sikutegemea hilo. Nikainua kichwa.

"Nilikuona mdomo. Ukafungua. Ukafunga." Kila sentensi aliilipia pumzi. "Ungesema hayupo, ningekaa. Ungesema yupo, ningeuliza yupo wapi. Ulivyofunga, nikasema basi. Huyu kamwona anaungua. Anaogopa kutuambia."

Kuku walikuwa wanaparua maganda ya mihogo. Binti alikuwa ameinamisha kichwa na kisu hakimenyi kitu.

"Nilimwita mle ndani," mzee akaendelea. "Niliita jina. Ukiita, moshi unaingia. Ningefumba mdomo, labda ningetoka mzima. Lakini utamtafutaje mtu. Bila kumwita."

Nilikaa pale nikitazama mkono wake. Vidole viwili vilikuwa vimeshikana. Hakunificha, wala hakunionyesha.

"Sasa unafanya nini mjini?" akauliza.

"Natafuta kazi. Kesho naulizwa hapo Kisarawe."

"Wanauliza nini?"

"Kwa nini niliacha ya kwanza."

"Na huko unakoulizwa. Mie huwa nimo?"

"Hapana, mzee. Humo."

Alitikisa kichwa, si kwa kushangaa. "Niweke," akasema. Kisha akanyoosha ule mkono mzima. "Nisimamishe. Jua limenifikia."

Nikamsimamisha. Nilijiandaa kubeba uzito na nikakuta hakuna uzito, nusura nimrushe. Nikamsogeza na kiti chake mpaka kivulini. Alipokaa alifumba macho, nikaelewa nimeruhusiwa kuondoka. Hakusema amenisamehe tena. Binti alinisindikiza hatua chache, kwa adabu ya nyumba yao, na tulipofika kwenye njia akaniambia, "Kaka, mwaka mzima anasema karani atakuja. Mimi namwambia haji. Sasa umenifanya mwongo." Akageuka akarudi kwenye mihogo yake.

Nililala Kisarawe kwa ndugu wa mama. Sikulala.

Asubuhi tulikuwa tunasailiwa watano. Karani wa ofisi, dada mmoja mwenye hijabu ya bluu, alikusanya vyeti vyetu halisi ndani ya bahasha na kutuita mmoja mmoja. Jopo lilikuwa na watu watatu, yule dada pembeni akiandika, na waliuliza mambo ya stoo kwanza: bidhaa ya zamani itoke vipi kabla ya mpya, mbegu zenye unyevu unazitambuaje, panya unawafanyaje. Nilijibu vizuri. Mimi stoo naijua. Nikamwona yule wa katikati akimtazama mwenzake kwa namna ambayo mtafuta kazi huielewa mara moja, na moyo wangu ukaanza kumpangia mke wangu mapumziko.

"Kazi ya zamani uliachaje?"

Niseme kwamba jibu fupi lilikuwepo. Lilikuwa mdomoni kabisa, limelainika, la kughushi mahudhurio, kosa dogo, nimejifunza. Nilifungua mdomo. Nikauhisi unataka kujifunga kwa mazoea yake.

Nikawaambia. Niliwaambia kuhusu msiba na sahihi, na walitabasamu pale ambapo wote hutabasamu. Nikaendelea. Moto, daftari, jina. Nikawaambia meneja alikuwa amesimama wapi na mimi wapi. Nikasema, "Nilijua hayupo, na sikusema, kwa sababu nilikuwa naogopa kufukuzwa. Mzee wa watu akaingia kumtafuta." Nikawaambia mkono, nikawaambia mapafu, nikawaambia yuko Msimbu, si mbali na hapo.

Tabasamu lilikuwa limeshafutika. Aliyekuwa anaandika aliacha kuandika.

"Hili liko kwenye barua yako ya kuachishwa?" akauliza wa katikati.

"Haliko."

"Sasa mbona unatuambia? Sisi tungelijuaje?"

"Msingelijua."

Wakatazamana. Mmoja, mama aliyekuwa kimya muda wote, akaniuliza kama leo mwenzangu akiniomba nimwekee nitafanyaje. Nikamjibu nitakataa, na nitasemwa, na pengine msibani kwangu hawatakuja. Alitikisa kichwa. Sikujua ni kwa kukubali au kwa huzuni, na sidhani yeye alijua.

"Asante. Subiri nje."

Nje kulikuwa na benchi moja na wale wenzangu wanne. Dirisha la chumba cha jopo lilikuwa wazi. Sikusikia maneno, nilisikia sauti: moja ikipanda, moja ikishusha, kisha viti vikisogezwa. Baada ya robo saa dada wa hijabu akatoka na bahasha moja tu. Yangu. Wale wengine vyao vilibaki ndani. Mtu ukirudishiwa vyeti siku hiyohiyo, peke yako, mbele ya wenzako, huna haja ya kusubiri simu.

Wenzangu wakageuka kutazama ukuta kwa heshima. Nikaipokea bahasha, nikaichomeka kwapani, nikaanza kufikiria namna ya kumwambia mke wangu huku nikimtazama usoni na si miguuni.

Yule dada hakuondoka. Alitazama nyuma mlangoni, akashusha sauti.

"Kaka, samahani. Nilikuwa mle ndani naandika." Akasita. "Yule mzee alipona?"

Nimefanya usaili wa kutosha. Nimeulizwa juu ya mkataba wangu, mama yangu, tabia yangu, malengo yangu ya miaka mitano. Hilo lilikuwa swali la kwanza kuulizwa juu yake.

"Hapana," nikamwambia. "Hajapona."

"Mungu amsaidie."

"Amina."

Akarudi ndani kumwita mwingine. Mimi nikatoka getini, na kwa kuwa kulikuwa bado mapema, na Kibaha hakuna aliyekuwa ananisubiri kabla ya jioni, nikapanda bodaboda kurudi Msimbu kumwambia kwamba nilimweka.